Jina la Mama Mkubwa

Mtoto alikuwa ametimiza siku sita na bado hana jina. Ilikuwa Aprili 2024. Rufiji ilikuwa imejaa kupita kiasi, mashamba ya mabondeni yamefunikwa na maji, na huko Muhoro watu walikuwa wamehama nyumba zao. Sisi tulikuwa Mloka, uani kwa mama yangu, tukingoja kesho yake, siku ya kumnyoa mtoto nywele na kumtaja jina. Mpwa wangu, mzazi mwenyewe, alikuwa na simu mkononi. Alitusomea: Inaya, Aaliyah, Ilham, Nasra.

"Mazuri yote," mama akasema, ungo wa mchele mapajani. "Lakini hayo ni ya mtoto yeyote. Mimi natafuta la huyu."

Nimemwona mama yangu akiifanya kazi hii tangu nikiwa mdogo, na kila nikikua ndivyo ninavyozidi kuiheshimu. Mfinyanzi anaitwa fundi, mchonga mitumbwi anaitwa fundi. Anayempa mtu kitu atakachoitikia mpaka siku ya kufa, huyo hatujampa jina la kazi yake. Naye ana malighafi yake, ana vipimo vyake, na akikosea kosa halifichiki.

Malighafi ya pwani yetu ni tajiri. Yako majina ya siku: Juma, Hamisi, Mwanahamisi. Yako ya miezi: Rajabu, Shabani, Ramadhani. Mwanaidi amekuja na sikukuu, Chausiku amekuja usiku, Pili na Tatu wamekuja kwa zamu. Kisha yako yale ya hali ya nyumba siku ile: Riziki, Subira, Faraja, na kwa upande wa pili Shida, Tabu, Mashaka, Sikujua. Ukiyasikia kwa makini, kila moja ni habari fupi ya siku moja, ambayo mtoto amekabidhiwa aibebe.

Ndiyo maana si kila jina la zamani linafaa kuamshwa. Siti binti Saad, mwimbaji mkuu wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, alipewa jina la Mtumwa alipozaliwa. Aliliacha huko nyuma, akaja kujulikana kwa Siti, na leo Siti ni jina ambalo mzazi humpa binti yake kwa fahari. Sijawahi kusikia mtu akimlilia Mtumwa arudi, na asirudi. Fundi hachukui jina kwa sababu ni la kale tu. Anatazama kwanza ndani yake mna nini.

Siku ile jirani mmoja alipendekeza mtoto aitwe Mafuriko, maana yapo majina ya namna hiyo na mwaka wenyewe ulikuwa unadai. Mama alitikisa kichwa. "Mafuriko ni ya mto," akasema. "Huyu hajamwondoa mtu kwake." Akanyamaza, akachagua chuya mbili tatu, akazitupia kuku. Kisha akasema: "Mwanamvua."

Nililipenda palepale, na nitaeleza kwa nini. Wengi hulisikia Mwanamvua kama mtoto wa mvua. Lakini liweke kando ya mwenzake wa kiume, Mwinyimvua, kama unavyoweza kumweka Mwanajuma kando ya Mwinyijuma. Mwinyi ni bwana, mwenye mali. Basi na Mwana hapo ni bibiye, neno la heshima walilovaa mabibi wa pwani. Ndilo lililo mbele ya Mwana Kupona binti Mshamu, yule wa Pate aliyemtungia binti yake utendi wa nasaha mwaka 1858; na huyo binti pia ni Mwana, Mwana Hashima. Mtoto wa siku sita, asiyeweza hata kushika shingo yake, alikuwa anatawazwa kuwa bibi wa mvua katika mwezi ambao mvua imewatisha watu wazima. Kutoka kwenye maji yaleyale mama aliacha hasara, akachukua enzi.

Mpwa wangu hakuyaona hayo. "Bibi, watamcheka shuleni. Hilo jina la kizee."

Hofu yake ni ya kweli, wala si yake peke yake. Lakini huko Uingereza Arthur na Ivy yalikuwa majina ya vikongwe, na sasa yamejaa tena kwenye shule za watoto wadogo. Hapa kwetu, Zuhura lilikuwa linaelekea kuwa jina la shangazi mpaka msichana wa Unguja, Zuhura Othman, alipolikata likawa Zuchu, na vijana wakaliimba jukwaa zima. Nadhani siri ni ya muda. Jina la mama yako bado lina sauti ya kukuamsha asubuhi, hulisikii vizuri. La mama yake bibi yako hukuwahi kulisikia likiitwa. Linakufikia bila vumbi.

Na kwa wanawake wetu jina huacha kuitwa mapema mno. Mwanamke akizaa tu anakuwa Mama Fulani. Wajukuu wakija anakuwa Bibi. Bibi Titi Mohamed aliingia katika harakati za TANU na jina lake mwenyewe mdomoni mwa watu, akaiwakilisha Rufiji bungeni, na leo Dar es Salaam ina barabara yenye jina hilo. Wangapi wamepata bahati hiyo? Mwanamvua wa mwisho katika ukoo wetu ni dada yake mama yangu, na mimi nilikuwa mtu mzima nilipolijua jina lake. Maisha yangu yote ni Mama Mkubwa. Nililisoma kwenye kadi yake siku nilipompeleka ofisi moja kufuatilia karatasi zake, tena likiwa limekosewa: Mwanavua. M moja imedondoka, na mvua imekuwa vua, kana kwamba mama wa watu amezaliwa kuvua samaki. Aliambiwa arudi wiki ijayo, na wiki iliyofuata akaambiwa hivyo hivyo. Hatimaye akasema iachwe ilivyo, kwani nani anamwita?

Maneno hayo sijayasahau. Jioni ile niliomba kalamu, nikaliandika jina la mtoto kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya daftari, m ya pili nikaikolezea wino, nikampa mpwa wangu aihifadhi kwa ajili ya siku ya cheti cha kuzaliwa.

Kilibaki kipimo cha mwisho, ambacho mama hakiruki. Jina lazima liitwe. Jina linaweza kupendeza kwenye karatasi, kumbe likipigiwa kelele linakatika katikati. "Simama pale kwenye mwembe," alimwambia mjukuu wake, "umwite."

Mpwa wangu aliita kwa kunong'ona, mtoto akiwa begani.

"Hapana, mama. Mwite kama amekwenda mbali na chakula kinapoa."

Akavuta pumzi. "Mwanamvuaa!" Sauti ilipanda kwenye mvu, ikatua kwenye ile a ya mwisho na kuendelea, ikavuka uzio wa makuti.

"Abee!"

Wote tuligeuka. Mama Mkubwa alikuwa ametokea nyuma ya jiko, mikono imelowa, maji yakimdondoka vidoleni, anatutazama mmoja baada ya mwingine ajue ni nani aliyemwita.