Impress, Jamani, Impress!

Acha kila unachofanya unisikilize! Nimetoka kuigusa Impress sasa hivi, ile ya kutengenezea slaidi iliyomo ndani ya LibreOffice, na mikono bado haijatulia. Ni bure. Bure kabisa, bure ya kweli, haikuombi kadi ya benki wala haikuhesabii siku za majaribio halafu ikakufungia mlango!

Nilikuwa naandaa slaidi za wakulima wa kahawa hapa Gashonga, Rwanda. Picha ya buni mbivu ikajaa skrini nzima, nyekundu, nzito, inang'aa, yaani unatamani kuichuma. Kisha nikabofya mpito wa mawimbi. Weee! Slaidi yote ikatikisika kama maji ya Ziwa Kivu mtumbwi unapopita, ikatulia, na ya pili imeshafika. Nikarudia. Nikarudia tena. Na bado!

Simu, rafiki yangu, simu! Weka programu ya Impress Remote kwenye simu ya Android, unganisha kwa bluetooth, basi unatembea katikati ya watu ukipeleka slaidi kwa kidole gumba, na slaidi yenyewe unaiona kiganjani. Kompyuta nayo inakuonyesha wewe peke yako slaidi inayofuata, maelezo yako na saa. Mtandao ukipotea huku vilimani, wewe endelea tu, haiuhitaji hata kidogo.

Faili ya PowerPoint kutoka kwa mwenzangu wa Kamembe? Ikafunguka! Kichwa kimoja kilisogea kidogo, nikakivuta, kikakaa.

Na menyu zinakubali Kinyarwanda, jamani, Kinyarwanda! Yapo maneno yaliyobaki kwa Kiingereza, sijali. Kiswahili nacho kina historia tamu humu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice kwa Kiswahili, na kutoka OpenOffice hiyohiyo ndiko LibreOffice ilikochipuka mwaka 2010. Wenzetu walishaanza kutuandalia kiti zamani!

Kwa hiyo njoo na flashi. Nakili, kasakinishe kwako, kampe jirani, kampe mwalimu wa wanao, kampe katibu wa ushirika; leseni yenyewe inaruhusu, hakuna wa kukuuliza. Njoo leo, maana sehemu ya kuchorea hata sijakuonyesha, ina mishale, ina maua, ina rangi zinazoyeyukiana taratibu, na bado!