Deni la Frank: juu ya filimu «Pusher»

Mara nyingi mafratri wanatuuliza kama inafaa mtu wa seminari aangalie filimu za wanyang'anyi na wauzishaji wa madawa ya kulevya, na kama padri anaweza kukaa na vijana wa parokia yake mbele ya filimu ya namna ile. Tungeweza kujibu kwa maneno ya jumla, kama walivyojibu wengine mbele yetu. Tunaona ni heri kuchukua filimu moja, kuitazama toka mwanzo hata mwisho, na kusema tumeona nini ndani yake. Tumechagua «Pusher», filimu ya Denmark iliyotoka katika mwaka 1996. Jina ni neno la Kiingereza. Maana yake ni mtu yule anayeuzisha madawa hayo njiani na katika baa.

Aliyeitengeneza ni Nicolas Winding Refn, aliyezaliwa mwaka 1970. Alikuwa amekwisha pata nafasi katika shule kubwa ya sinema ya inchi yake, akaiacha kusudi atengeneze filimu hii. Feza ilikuwa kidogo. Mpiga picha, Morten Søborg, alishika kamera mkononi akawafuata watu katika vyumba vyao na katika njia za mji wa Copenhagen, hasa mtaa unaoitwa Vesterbro. Picha inatikisika, mwanga ni haba. Wengine kati yetu walichoka macho. Lakini baada ya nusu saa mtu anasahau kamera. Anajiona tu yuko nyuma ya mgongo wa mtu anayefukuzwa.

Kisa chenyewe ni cha juma moja. Frank, ambaye anachezwa na Kim Bodnia, anauzisha heroini pamoja na rafiki yake Tonny. Hawana kazi nyingine. Wanazunguka katika motokari, wanacheka, wanasema maneno ya uchafu juu ya wanawake (maneno yale yangepunguzwa nusu filimu isingepoteza kitu), na usiku wanaingia mahali pa kunywa na kucheza. Frank ana deni la krone 50,000 kwa Milo, Mserbia, mkubwa wa biashara ile, mtu mwenye sauti ya upole anayependa kupikia wageni chakula. Siku moja mtu wa Sweden, ambaye Frank alijuana naye gerezani, anakuja kuomba heroini nyingi. Frank hana. Anakwenda kwa Milo kuichukua kwa deni, akiahidi kurudisha feza bila kukawia. Wakati wa kupatana, polisi wanatokea. Frank anakimbia, anajitupa katika ziwa lililo katikati ya mji, na kule majini anaimwaga heroini yote. Polisi hawapati kitu mkononi mwake, wanamfungua kesho yake. Lakini Milo hasadiki habari ya ziwa. Deni sasa ni krone 230,000, na siku za kulipa ni chache.

Mambo yote yanayofuata ni kutafuta feza. Kila siku jina lake linaandikwa juu ya picha, na kila siku Frank anapata kitu kidogo kuliko alivyotumaini. Polisi wamemwambia kwamba Tonny ndiye aliyemtaja. Basi anamtafuta katika baa, anampiga kwa fimbo mpaka anaanguka chini damu tupu. Anawaendea wote ambao wana deni kwake yeye. Milo amempa mtu wa kumsindikiza, Radovan, mwenye kazi ya kutesa wasiolipa. Wanapozunguka pamoja, Radovan anamwambia Frank kwamba hamu ya moyo wake ni kufungua mkahawa na kupika nyama. Wanacheka kama ndugu. Kisha wanaingia kwa mtu mmoja aliyekwisha haribika kwa heroini, mwenye deni kwa Frank. Wanamkaza sana, na yule mtu anajiua mbele yao.

Ndugu zetu wa kelasi ya teolojia wamekwisha tambua mfano gani uko hapa. Ni mtumishi wa Matayo, sura ya 18, yule ambaye bwana wake alimsamehe deni kubwa, naye akatoka akamkamata mwenzake kooni kwa deni dogo. Lakini angalieni tofauti. Katika Injili mtumishi amekwisha kusamehewa. Uovu wake ni kusahau. Katika filimu hakuna aliyesamehewa. Milo anamkaza Frank, Frank anamkaza aliye zaifu kuliko yeye, na yule wa mwisho hana wa kumkaza tena ila nafsi yake. Refn hakusema kwamba anafasiri Injili, wala sisi hatumsingizii. Tunasema tu kwamba alionyesha dunia ile ambayo mfano wa Bwana unaanzia, kabla bwana wa mtumishi hajaona huruma.

Padri mmoja aliyetazama pamoja nasi alikasirika. «Ndani ya filimu hii,» alisema, «hakuna mtu hata mmoja anayetaja zambi, hakuna anayetubu, hakuna anayesali. Vijana watajifunza nini?» Neno lake ni la kweli, na tulilifikiri muda mrefu. Ni kweli kwamba hakuna anayetaja zambi. Lakini kila mmoja anataja deni, toka asubuhi hata usiku. Katika Kiswahili tunapowafundisha wakatekumeni sala ya Bwana tunasema «makosa». Kilatini chasema «debita», maana yake madeni. Wakatekista wanajua namna gani ni vigumu kumfahamisha kijana kwamba zambi si kuvunja sheria tu, bali ni kifungo chenye kukaza kila siku zaidi. Filimu hii inamfahamisha bila kutumia neno moja la dini. Frank hana tena wakati ulio wake. Akilala, analala ndani ya deni. Akicheza ngoma, anacheza ndani ya deni.

Tumetaja ngoma. Watu wengi wanaichukua filimu ya namna hii kuwa filimu ya sherehe: muziki wenye nguvu, bilauri mkononi, usiku usiokwisha. Kweli sherehe iko. Frank anaingia na Vic, mwanamke wake, mahali pa kucheza ambapo kelele ni kubwa hata maneno hayasikiki. Lakini sherehe ile ni ya nani? Kwetu ngoma inapigwa kwa sababu: mtoto amezaliwa, padri mpya amepata upadri, mtu amekufa na matanga yanakwisha. Hata mlevi anajua alialikwa na nani. Kule wanacheza bila mwalikaji, kila mmoja macho yamefungwa. Refn hakuweka neno la kulaumu. Alituacha tutazame muda mrefu kidogo kuliko tulivyotaka, na ile inatosha.

Tunakuja sasa kwenye lile ambalo kwa mawazo yetu ndilo kiini cha filimu, nalo linapita upesi sana hata baadhi yetu hawakuliona mara ya kwanza. Katika juma lile lote la kukopa na kudai, kuna watu wawili wanaompa Frank kitu bila kuhesabu. Wa kwanza ni mama yake. Frank anakwenda kwake, anasimama kama mgeni, hajui mikono yake aiweke wapi. Mama anampa feza kidogo aliyo nayo. Haiwezi kulipa hata sehemu ndogo ya deni. Frank anaipokea, anaondoka. Ukitazama uso wake, utaona kwamba saa ile ana haya kuliko saa ya kukamatwa na polisi. Mtu aliyezoea bei hajui afanye nini na zawadi.

Wa pili ni Vic. Yeye anaishi kwa kazi ya usiku, na Frank anamtumia bila kumheshimu, wala hataki awe mke wake wala rafiki wa kweli. Walakini Frank anapowaponyoka watu wa Milo, ambao wamekwisha kumtesa, ni kwake anakokimbilia. Wanapatana kutoroka pamoja mpaka Spain. Kwa mara ya kwanza mtu huyu anaahidi kitu kisicho feza. Ndipo simu inalia. Ni Milo, na sauti yake ni ya upole kama siku zote: alipe kidogo tu, mambo yaishe, warudi kuwa marafiki. Frank anaweka simu, anamgeukia Vic, anamwambia kwa maneno makavu kwamba safari haiko tena. Vic anachukua feza, anatoka, anapanda taksi, anakwenda. Frank anabaki njiani peke yake, anatazama mbele. Nasi tunaonyeshwa watu wa Milo wakitandaza nailoni chini, kusudi damu isichafue nyumba.

Mafratri wawili walibishana hapa mpaka kengele ya kulala. Mmoja alisema Frank ni mjinga, alimsadiki mwongo. Mwingine alisema hakumsadiki hata kidogo, alichoka tu. Sisi tunafikiri kwamba hakuwa mjinga wala hakuchoka. Msamaha wa Milo ulikuwa na bei, ndiyo maana aliufahamu. Ule wa Vic haukuwa na bei. Aliletewa maondoleo mawili, la uongo na la kweli, katika chumba kimoja na saa moja, akachagua lile lililosemwa kwa luga aliyoizoea. Sisi tunaokaa katika kiti cha kuungamishia tunawajua watu wa namna ile. Wako tayari kufanya malipizi mazito sana. Lakini ukiwaambia kwamba wamekwisha kusamehewa, wanakutazama kama mtu anayetaka kuwadanganya.

Baada ya kuisifu, ni haki tuseme pia makosa yake. Wale wanaovuta na kujichoma heroini karibu hawaonekani. Wanaingia kama wenye deni, wanapigwa, wanatoka. Nyumba zao na watoto wao hatuvijui. Mtu anaweza kumaliza filimu akimsikitikia Frank na kusahau kwamba mamia wameharibika kusudi yeye apate feza ya kutumia usiku. Tena, mkopeshaji mkali na mtesaji ni wageni, Waserbia, na mtazamaji asiye na akili atafikiri kwamba uovu uliletwa Denmark kutoka ng'ambo. Mchezaji Zlatko Burić anaiponya hatari hii kwa uhodari wake, sababu Milo wake ni mtu kamili, si sanamu ya mgeni mbaya. Lakini hatari iko. Na pale Tonny anapopigwa, kamera inakaa muda mrefu kupita lazima. Papa Pio XII, katika hotuba zake za mwaka 1955 juu ya filimu bora, alifundisha kwamba uovu unaweza kuonyeshwa kusudi mtu aufahamu na kuuhukumu, si kusudi upendeze. Kwa sehemu kubwa «Pusher» inatii kanuni ile pasipo kuijua. Katika baa ile, hapana.

Kusudi kipimo hiki kiwe wazi zaidi, mtu atazame filimu ya London ya mwaka 2012, ambayo Luis Prieto alitengeneza juu ya kisa kilekile, hata Burić akamcheza Milo tena. Taa za rangi, muziki mtamu, miili mizuri. Mambo ni yaleyale karibu neno kwa neno, lakini mtu anatoka mle na hamu ya kwenda kucheza. Kwetu Kongo, Djo Tunda Wa Munga alitoa «Viva Riva!» katika mwaka 2010, kwa Lingala na Kifaransa: kijana anarudi Kinshasa kutoka Angola na petroli ya wizi wakati mji hauna petroli, anakunywa na kucheza akingoja bei ipande. Petroli imeshika mahali pa heroini. Ina picha za uasherati ambazo hatuwezi kuzionyesha katika parokia, na kwa sababu ile tu hatukuichagua, maana ingetugusa karibu zaidi.

Juu ya maulizo ya mwanzo, basi. Kwa seminari ndogo tunasema hapana. Kwa mafilosofo na mateologo tunasema ndiyo, pamoja na mwalimu, na mazungumzo yafanyike usiku uleule, si kesho. Kwa vijana wakubwa wa parokia, padri aitazame kwanza peke yake, kisha apime watu wake. Mahali ambapo bangi na pombe kali zimekwisha kuingia katika nyumba, huenda itafaa kuliko mahubiri mengi. Asiikate vipande. Akikata matusi na mapigano, atabaki na mama na taksi, na hakuna atakayefahamu kwa nini Frank hakupanda.

Wale watakaopenda kuendelea, wajue kwamba Refn alitengeneza nyingine mbili, katika mwaka 2004 na 2005. Filimu yake ya mwaka 2003, «Fear X», ilikuwa imemwacha yeye mwenyewe na deni kubwa, ndipo alipowarudia watu wa Copenhagen. Ya pili inamfuata Tonny, yule aliyepigwa katika baa, ambaye anachezwa na Mads Mikkelsen. Kichwani nyuma ameandikwa neno la kudai heshima, na hakuna anayemheshimu, hata baba yake mzazi. Naye anaua. Lakini mwisho wake amepanda basi usiku, na mtoto wake mchanga mikononi.