Ufundi wa Kukata Kidogo

Kimeng'enya cha kongosho kinachokata DNA hakijui kushiba. Kitie kwenye viini vya seli, kiache kwa muda mrefu, na mwisho hutakuwa na cha kupima. Ndiyo sababu nalipenda jaribio la Harold Weintraub na Mark Groudine, lililochapishwa mwaka 1976 katika jarida la Science. Umahiri wake unaanzia pale walipokizuia mapema.

Walichukua viini vya chembe nyekundu za damu ya kuku (za ndege, tofauti na zetu, hubaki na kiini hata zikikomaa). Wakaruhusu asilimia 10 tu ya DNA iliwe, kisha wakakagua kilichosalia. Jeni za globini, ambazo chembe ya damu inazihitaji mno, zilikuwa zimetangulia kuliwa. Jeni ya protini ya ute wa yai, isiyo na kazi yoyote ndani ya damu, ilibaki. Wakajaribu viini vya ubongo: safari hii globini zilezile hazikutangulia. DNA haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichotofautiana ni jinsi ilivyofungashwa, na mfungashio huo ndio unaoamua nani afikie jeni na nani azuiwe.

Mwenye haraka angetangaza hapo kwamba jeni inayofanya kazi imevuliwa histoni zake zote, yaani protini zinazoifungasha. Wao hawakukimbilia huko. DNA huzungushwa karibu mara mbili kwenye bonge la histoni nane, na bonge hilo pamoja na DNA yake ndiyo nyukliosomu. Wakaleta kimeng'enya kingine, cha bakteria, kinachopenda kukata katikati ya nyukliosomu moja na nyingine. Hiki hakikubagua: globini hazikuliwa zaidi ya jeni nyingine. Kumbe nazo zilikuwa bado zimeshikwa na histoni! Kisha ikaja hatua ninayoistaajabia kuliko zote. Walizichukua nyukliosomu zilizokwisha tenganishwa moja moja, wakazirudisha kwa kimeng'enya cha kwanza, na globini zikatangulia tena kuliwa. Ulegevu wa mfungashio ulikuwa ndani ya nyukliosomu yenyewe.

Wazo hilo la kukata kidogo lilirejea mwaka 2013, pale Jason Buenrostro na wenzake walipoonyesha njia ya kuchora ramani ya sehemu zilizo wazi katika jenomu nzima, kwa seli 500 hadi 50,000 tu. Kimeng'enya chao, Tn5, hukata na papo hapo kupachika alama. Hata hivyo kanuni bado ni ileile: ukikizidisha kimeng'enya, hata sehemu zilizofungwa huanza kukatwa, na ramani huvurugika.