Mdundiko Usioenda Popote

Video ina dakika 11. Aliipiga mwanafunzi mwenzangu kwa simu, akiwa safu ya tatu, kwa hiyo kila baada ya muda kichwa cha mtahini mmoja kinakatiza mbele ya wachezaji. Ni kazi yangu ya mwisho chuoni, dansi ya kwanza niliyoitunga mwenyewe tangu hatua ya kwanza mpaka taa kuzimwa. Ilipata alama nzuri. Nataka kuihakiki kama ambavyo ningehakiki kazi ya mtu nisiyemjua, kwa sababu siku ile tuliishia kupigiana makofi.

Ninachokiona ni hiki. Wachezaji saba wamesimama kwenye mstari, wanatutazama. Vitenge vimefungwa kiunoni. Ngoma zinaanza, nao wanaingia kwenye mwendo wa mdundiko: mguu unaburuzwa kidogo kabla ya kukanyaga, kiuno kinajibu, mabega yametulia. Mstari unakuwa pembetatu, unarudi kuwa mstari, kisha linakuja duara lililoachwa wazi upande wetu ili tuone vizuri. Dakika ya saba mwali anatolewa, ananyanyuliwa juu ya mikono minne, na taa inageuka rangi ya machungwa. Hakuna aliyekosea hesabu. Hakuna pia aliyesogea zaidi ya mita tatu kutoka alipoanzia.

Kwa asiyekulia Dar es Salaam au Pwani: mdundiko ni ngoma ya Wazaramo, ngoma ya shughuli za mwali na harusi, na sifa yake kubwa ni kwamba haikai mahali pamoja. Unatoka uani, unaingia barabarani, unazunguka mitaa, unazoa watu. Wapigaji wanapiga huku wanatembea. Watoto wanaufuata mpaka wanapotea, na mama yangu alikuwa na adhabu maalumu kwa kosa hilo. Nikiwa na miaka minane niliufuata mmoja kutoka kwetu Mbagala mpaka mtaa ambao hadi leo siujui jina. Nilirudishwa jioni na mama muuza maandazi, miguu imejaa vumbi, na sikumbuki kama niliogopa. Nakumbuka kwamba nilipoacha kucheza ndipo nilipogundua sijui nilipo.

Kwenye pendekezo la kazi niliandika kwamba nataka kutunga dansi kuhusu ngoma inayopoteza watoto. Walimu waliipenda sentensi hiyo. Kisha nikaingia chumba cha mazoezi na kwa miezi mitatu nikawafundisha watu saba wasiondoke walipo.

Nimejiuliza ilikuwaje, na jibu la kwanza ni kioo. Chumba chetu kilikuwa na kioo ukuta mzima. Mtunzi anasimama pembeni, anatazama kioo, wachezaji nao wanatazama kioo, na baada ya wiki mbili kila hatua nzuri ni ile inayopendeza kwenye kioo. Siku ya onyesho kioo kinaondoka, watazamaji wanakaa mahali pake, na hakuna anayeshangaa kwa nini watu saba wa mdundiko wanacheza wamewageukia wageni badala ya kugeukia njia.

Jibu la pili ni hesabu. Nilipanga kila kitu kwa nane: nane ya kwanza mstari, nane ya pili pembetatu. Kijana aliyetupigia chapuo alivumilia siku kadhaa, kisha akaniambia, "Dada, wewe unahesabu, mimi nasubiri mguu." Nilidhani ananipinga tu. Alikuwa ananieleza namna ngoma hii inavyofanya kazi: mpigaji anamtazama mchezaji, mchezaji anamsikiliza mpigaji, na hakuna kati yao anayejua kwa uhakika lini zamu inaisha. Nilimlazimisha ajue. Kwenye video anapiga bila kuinua macho.

Sikuibuni tabia hii. Tanzania ina historia ndefu ya kuzitoa ngoma uwanjani na kuzipanga jukwaani, tangu enzi za kikundi cha taifa cha ngoma miaka ya 1960 hadi Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981. Sindimba ya Wamakonde, ngoma ya jando na unyago, ilifupishwa, ikawekwa kwenye mistari, ikawa ya kupokelea wageni. Kazi hiyo ilituwezesha kujuana. Nisingeiona sindimba kama isingeletwa. Lakini imetuachia mazoea ya kuamini kwamba ngoma ni hatua, na kwamba ukishazikusanya hatua umeshaibeba ngoma yenyewe. Mimi nilizikusanya kwa uaminifu, nikaongeza kugaagaa sakafuni na ule mnyanyuo wa dakika ya saba nilioutoa kwenye video za Ulaya, nikaita ubunifu. Nimeona mwali akibebwa, ndiyo, ila hubebwa kupelekwa mahali. Wangu alibebwa, akashushwa palepale.

Shangazi yangu alikuwepo. Amewacheza wali wengi, na hajawahi kuingia ukumbi wenye viti vya kukunja. Nilimfuata baada ya onyesho nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Mmecheza vizuri. Mbona hamjaenda popote?" Nikacheka, nikamweleza habari za jukwaa. Akafunga mkoba wake. "Basi mngetusogeza sisi."

Nilikasirika kwa wiki nzima, hasa kwa sababu watahini hawakuwa wamesema lolote la maana kiasi hicho.

Nilikuja kumwelewa vizuri zaidi kupitia kazi ya mbali sana na Mbagala. Mwaka 1975 Pina Bausch, Mjerumani, alitunga dansi yake kwa muziki wa Stravinsky ambao watu walikuwa wameuchezea tangu Paris mwaka 1913. Muziki haukuwa wake, wala kisa cha binti anayetolewa kafara. Alichofanya ni kumwaga udongo jukwaa zima. Udongo unafanya mguu uwe mzito, unachafua nguo, unafanya uchovu uwe wa kweli, na mchezaji hawezi kukanyaga kama alivyokanyaga jana. Mwaka 2020 wachezaji zaidi ya 30 kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikuwa wakiifanyia mazoezi Senegal, kwenye shule ya Germaine Acogny, École des Sables. Korona ikavunja safari yao, wakairekodi jioni moja ufukweni Toubab Dialaw. Hatua ni za Bausch. Lakini ule mchanga haukuwa wake, na ukiitazama filamu utaona miguu inabishana nao.

Faustin Linyekula, Mkongo aliyeanza kutunga dansi Nairobi miaka ya 1990, alirudi kwao na hatimaye akaipeleka Studios Kabako Kisangani, mbali na kumbi ambazo zingemlipa. Zamani niliuona uamuzi ule kama wa kimaisha tu. Siku hizi nauhesabu kama sehemu ya utunzi wake.

Kwa hiyo tuliirudia. Wachezaji watano kati ya wale saba walikubali. Tuliomba ruhusa serikali ya mtaa, tukaanzia uani kwa shangazi saa kumi jioni, tukiwa na watazamaji kama arobaini waliolazimika kutembea kama wanataka kuona. Sitadai kwamba ilikuwa bora. Dakika kumi za mwanzo zilikuwa vurugu: bodaboda zilipiga honi, wachezaji wawili walitangulia mno, mkanda wa ngoma moja ukakatika. Nusu ya watu waliishia kona ya pili. Pia nilikuwa sijafikiria mwisho. Tulifika chini ya mwembe tukasimama, tukatazamana, na mama mmoja akauliza pilau liko wapi, swali la haki kabisa.

Ila kulikuwa na mtaro. Unavukwa kwa ubao mmoja, mtu mmoja mmoja. Mchezaji wa kwanza alipofika hapo hakuweza kuburuza mguu, ubao ungemwangusha. Akaruka kidogo, akatua kwa kisigino, kiuno kikachelewa kujibu. Mpiga chapuo alimwona, akachelewa naye. Wa pili akafanya hivyohivyo, na wa tatu, na walipofika ng'ambo waliendelea nao mwendo ule kwenye ardhi kavu kwa hatua kama ishirini kabla haujawatoka. Sikuwafundisha. Katika dakika zote nilizowahi kuzitunga, hizo ndizo ninazotaka kuzifanyia kazi tena, na bado sijui nitazifanyaje bila mtaro.

Tulipokuwa tunakusanya ngoma tukamkuta mtoto wa kiume wa miaka sita hivi ambaye hakuna aliyemfahamu. Alijua jina la mama yake na rangi ya geti lao, basi. Shangazi akamshika mkono, tukarudi naye njia ileile, tukiuliza nyumba hadi nyumba mpaka giza likaingia.