Foinavon Alishinda, wa Kufuatwa Alikuwa Red Alligator

Tarehe 8 Aprili 1967, farasi 44 walijipanga Aintree, Liverpool, kukimbia Grand National. Kwenye kiunzi cha 23, Popham Down, farasi aliyekwisha kumwangusha mpandaji wake, aliwakatizia wenzake njia. Wakagongana, wakasimama, wengine wakagoma kuruka. Foinavon alikuwa nyuma sana, na madalali wa kamari walikuwa wamempa odi ya 100 kwa 1. Kuwa kwake nyuma ndiko kulikomwokoa: mpandaji wake, John Buckingham, aliiona vurugu mapema, akatafuta upenyo, akaruka na kushinda kwa urefu wa farasi 15.

Habari ya siku ikawa Foinavon. Lakini msomaji makini wa matokeo alikuwa na jina jingine la kuandika daftarini. Nafasi ya tatu ilishikwa na Red Alligator, farasi wa miaka 8 aliyenaswa katika vurugu hiyohiyo, akajinasua na kuendelea na mbio. Mwaka uliofuata, akiwa na mpandaji yuleyule, Brian Fletcher, alishinda Grand National kwa urefu wa farasi 20.

Ili kuelewa kwa nini hili lilitabirika, tuanze na uzito. Grand National ni mbio za handikapu. Mpangaji uzito humbebesha farasi bora mzigo mkubwa na dhaifu mzigo mdogo, ili kwa hesabu wote wafike pamoja. Uingereza, alama moja ya daraja ni ratili moja mgongoni. Urefu mmoja wa farasi huhesabiwa takriban ratili 3 katika mbio za furlongi 5, ratili 2 katika mbio za maili moja, na ratili 1 katika mbio ndefu.

Sasa tuseme farasi amepitwa kwa urefu nne katika mbio za maili moja. Kitabu cha matokeo kinasema yuko ratili 8 chini ya mshindi. Ukirudia picha ya mbio ukaona urefu tatu kati ya hizo zilipotea alipozibwa kwenye kona, basi ana ratili 6 ambazo hazijaandikwa popote. Mpangaji uzito naye huitazama picha hiyo, ila ni vigumu kumwongezea farasi mzigo kwa ushindi ambao haukutokea. Pengo hilo kati ya uwezo na maandishi ndilo tunalolitafuta. Mwaka 1968 Red Alligator alibeba tena ratili 140, yaani kilo 63.5, uzito wa chini kabisa uliowekwa katika mbio hizo. Mkasa wa mwaka uliotangulia haukumgharimu hata ratili moja.

Hata hivyo, waliokwama mwaka 1967 walikuwa wengi, na wengi wao hawakustahili kufuatwa. Kuwachuja kunahitaji maswali matatu.

La kwanza: kizuizi kilitoka wapi? Farasi anayechelewa kutoka kwenye kizimba kila mara, au anayekimbia nyuma siku zote akingoja wenzake wampishe, ataendelea kuzibwa. Hiyo ni tabia yake, na tayari imo ndani ya daraja lake. Ni kama mshambuliaji anayeotea kila mechi kisha akamlaumu mshika kibendera.

La pili: alikuwa anakwendaje kabla ya kuzibwa? Mtazame mpandaji. Akiwa ametulia, hatamu mkononi na fimbo haijainuliwa, farasi alikuwa na akiba. Akiwa tayari anamsukuma, njia hata ingefunguka isingemsaidia.

La tatu: alipoipata njia alifanya nini? Aliyepunguza pengo hadi mstari wa mwisho, ingawa ushindi ulikuwa umekwisha kumponyoka, ametoa ushahidi. Aliyebaki palepale hana cha kudai.

Uwanja nao husema. Goodwood, wenye miinuko na miteremko, unasifika kwa kuwabana kwenye uzio farasi wanaokuja kutoka nyuma. Chester ni duara dogo lenye kona karibu mfululizo, hivyo katika mbio fupi aliyepewa kizimba cha nje hukimbia umbali mrefu zaidi bila kuguswa na mtu. Ascot, katika maili iliyonyooka, kundi kubwa hugawanyika mara mbili, na mshindi wa upande ulioachwa nyuma anaweza kusomeka kama wa sita au wa saba. Hawa wa Chester na Ascot ndio wenye faida zaidi, kwa sababu bahati mbaya yao haionekani kirahisi. Farasi aliyezibwa waziwazi mbele ya kamera huonwa na kila mtu, na safari inayofuata odi yake huwa imekwisha kushuka.

Kuna pia bahati mbaya ya uongo. Mwaka 1973 Crisp aliongoza Grand National kwa mbali, kisha akachoka na kupitwa na Red Rum karibu na mstari, kwa robo tatu ya urefu wa farasi. Watu bado wanamlilia. Lakini hakuna aliyemziba. Alibeba ratili 168 na Red Rum 145, tofauti ya zaidi ya kilo 10. Baadaye mwaka huohuo walikutana Doncaster kwa uzito sawa, na Crisp akashinda kwa urefu nane. Mpangaji uzito alimjua vizuri. Aliyeshindwa na uzito wake halali haachi kitu cha kudai kwenye handikapu ijayo. Aliyekuwa wa kuangaliwa ni Red Rum, ambaye mwaka 1974 alipandishiwa mzigo hadi ratili 168 na bado akashinda.

Kwa wanaokwenda uwanja wa Ngong, Nairobi, maswali ni hayohayo, ila kumbuka kwamba farasi wakiwa wachache, kisingizio cha kuzibwa hupungua nguvu.

Kwa hiyo rudia picha kabla ya kuliandika jina, na pembeni yake andika umbali, kizimba na uzito wa siku ile. Akirudi katika mazingira yanayomfaa, uzito ukiwa haujapanda, mtie kwenye mkeka kwa kiasi unachoweza kukipoteza. Akipata njia safi mara mbili na bado akashindwa, mfute.