Rika, Darasa na Urafiki

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliilaumu shule iliyomtenga mwanafunzi na jamii yake. Aghalabu neno hilo husomwa kwa upande wa jembe na ofisi. Sisi twapenda kulisoma kwa upande wa urafiki, kwani shule humtenga mtoto pia na mkubwa wake na mdogo wake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwalimu mwenyewe alianza shule pale Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Zamani hizo mtoto na kijana waliweza kukalia dawati moja. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoamuliwa mwaka 1974 na kuanza kutekelezwa mwaka 1977, ni heri isiyobishaniwa. Lakini kadiri watoto walivyozidi kuanza kwa umri uliowekwa, ndivyo darasa lilivyogeuka kuwa rika.

Wala rika si jambo geni. Jando la Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, liliwaunga vijana wa umri mmoja kwa undugu wa maisha. Ila rika lile lilikuwa na kungwi, na wakitoka jandoni walirudi kwa watu wa kila umri.

Tazama Tandika, Mbagala au Mwananyamala. Nyumba ya vyumba sita ina uwanja mmoja, na hapo uani binti wa miaka 13 humwonyesha wa miaka minane namna ya kuchagua mchele. Katika kombolela mdogo husamehewa, ingawa hakuna aliyeiandika kanuni hiyo. Chuoni nako, aliyekwisha kuhitimu juzuu humsikiliza anayeanza alifu. Huku ndiko kujifunza kumvumilia asiye sawa nawe, na kusahihishwa bila fimbo.

Kwa maoni yetu, ubaya si saa za darasani, bali darasa kumfuata mtoto hadi nyumbani. Tuisheni za jioni nazo hupangwa kwa madarasa; wengine gari la shule huwachukua kabla ya jua na kuwarejesha magharibi. Mtoto huyo ana marafiki wengi, wote wa darasa la nne. Akilazimika kukariri darasa, huwapoteza kwa siku moja, na anaowakuta humwita babu. Shikamoo anaijua, lakini huitoa kama cheti mlangoni. Baada ya marahaba hana la kuongeza.

Tusijidanganye: kuchanganya umri kuna uonevu wake, na wadogo hawana budi kulindwa. Hatuombi madarasa yavunjwe. Mwalimu aweza kumpa mwanafunzi wa darasa la sita mmoja wa darasa la kwanza, amsikilize akisoma. Aweza pia kuunda kikundi cha ngonjera kutoka madarasa yote. Ngonjera, kama alivyoieneza Mathias Mnyampala, huwakutanisha ajuaye na asiyejua wakajibizana. Siku hizi, kwa kuwa waghani wote ni wa umri mmoja, anayeigiza mzee hubandika ndevu za pamba, akakohoa.