Ngoma ya Chuka: Mpigaji Ndiye Mchezaji

Ukivuka mto Thuci ukitokea Embu kuelekea Meru, unaingia nchi ya Wachuka. Wakenya wengi wameiona ngoma yao pale Bomas, kituo cha utamaduni cha Nairobi, na wengi husifu kasi yake. Mimi nasema ufundi wenyewe unaanzia kwenye namna ngoma inavyoshikwa.

Ni gogo refu lililotobolewa na kuwambwa ngozi. Mpigaji hulifunga kwa mkanda na kulibana mapajani likiwa limelala mshazari, ngozi mbele yake, mkia nyuma. Mikono iko huru, mzigo uko miguuni. Hawezi kukanyaga bila kuitikisa ngoma, wala kuinama bila kubadilisha namna kiganja kinavyotua. Kiganja katikati ya ngozi hutoa mlio mzito; vidole ukingoni, mlio mkali.

Sasa hesabu mapigo sita. Mmoja akazie la kwanza na la nne; mwenzake la kwanza, la tatu na la tano. Wanakutana mwanzoni tu, kisha wanapishana mpaka mzunguko uanze upya. Jaribu mezani, mkono huu na ule, uone ilivyo vigumu. Wachuka hupishanisha midundo namna hii wakiwa wameinama na kusogea sambamba, na kwa maoni yangu kule kuyumba pamoja ndiko kunakomwonyesha kila mmoja pigo la kwanza liko wapi. Hana haja ya kumtazama mwenzake mikononi.

Ulaya ya karne ya 16 nayo ilikuwa na galliard, dansi changamfu ya majumba ya wafalme, yenye hesabu hiyohiyo ya sita. Kasisi Thoinot Arbeau wa Langres, Ufaransa, aliifafanua katika Orchésographie (1589): mapigo manne ya kurusha mguu, la tano mchezaji yuko hewani, la sita ametua. Lakini wanamuziki walikuwa kando, kwa hiyo Arbeau akashauri mwendo upunguzwe kwa mchezaji mrefu, ambaye hatua zake huchukua muda zaidi. Chuka tatizo hilo halizuki, maana anayetua ndiye anayepiga.

Ndiyo maana naumia kikundi kinaposimamisha ngoma hizi sakafuni ili wapigaji wapate nafasi. Mapigo yanaweza kubaki yaleyale, ila nguvu yote inahamia mikononi, kwa kuwa goti halikunjwi tena kabla ya pigo zito.